Kamera Niliyoipokea kwa Mikono Miwili

Kwetu Mbuba, wilayani Ngara, mtu akikuletea kitu kilichofungwa, hukifungui mbele yake. Unapiga goti, unakipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakipeleka chumbani, unarudi na kinywaji. Akishakunywa na kuaga, akishaupita mgomba wa mwisho wa shamba lenu, ndipo unafungua. Kufungua mbele ya aliyeleta ni kumwambia humwamini, au kwamba una njaa ya vitu, na yote mawili ni aibu. Nililelewa hivyo na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka baba mdogo alipoona faida yake.

Niseme mapema kwamba sijapoa. Watu huniambia yamepita, kambi za wakimbizi zilifungwa, magari yaliondoka, pale palipokuwa na mahema sasa ni mihogo. Sawa. Mihogo iote, mimi bado nina hasira, na nitaisimulia habari hii kwa hasira yangu.

Baba mdogo alikuwa mdogo wa baba yangu, na ndiye aliyekuwa mpiga picha wetu. Harusi, kipaimara, komunyo ya kwanza, misiba, picha za pasipoti za walioomba kazi kambini, zote zilipita mikononi mwake. Baba alipofariki alinichukua niwe msaidizi wake. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina pa kwenda. Nilibeba mkoba, nilibeba stendi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kushika kanga juu, kando ya wanaopigwa picha, ili jua lisiwafanye wakunje nyuso. Nilishika kanga ile mpaka mabega yangu ya msichana yakawa ya mwanamume. Katikati ya kushika nilijifunza: mtu asimame wapi, mrefu akae wapi, mtoto anyamazishwe vipi. Baba mdogo alinifundisha bila choyo, hilo silifichi. Alikuwa akiniita "mwanangu" na mimi nikiamini kila herufi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya filamu. Filamu ikijaa alipanda basi nayo hadi Mwanza kusafisha, na wateja walisubiri wiki na wiki. Wengine walikuja kuchukua picha ya harusi na mimba imeshaonekana. Na picha zenyewe zikirudi, pengine bwana harusi amefumba macho katika zote. Hapo kulikuwa na maneno, na maneno yote nilikuwa nikiyapokea mimi, kwa sababu baba mdogo siku hizo alikuwa na kawaida ya kuwa shambani.

Kamera ya dijitali niliiona kwa mara ya kwanza kambini. Mama yangu alikuwa akiuza ndizi kwenye soko la pembeni mwa kambi, nami nilimsaidia siku zisizo na harusi. Muuguzi mmoja wa kizungu alikuja kununua, akanipiga picha na mkungu begani, akaigeuza kamera nyuma akanionyesha. Nilijiona nikiwa bado nimesimama palepale, mkungu bado begani. Usiku ule nilimwambia mama nitauza mbuzi wangu.

Lakini mimi si mtu wa kununua kwa kutamani. Kila siku ya soko nilimwekea yule muuguzi ndizi zilizoiva vizuri, naye kwa kila chane nikamtoza swali. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni na changu cha shuleni, tukaelewana.

Swali la kwanza lilikuwa umeme, maana Mbuba umeme tuliusikia redioni tu. Akaniambia nyingi nzuri zina betri yake maalumu, bapa, inayotaka kuchomekwa ukutani. Hizo niziache. Nitafute inayotumia betri zile za saa ya ukutani, zinazouzwa kila kioski mpaka Murusagamba. Ila akanionya: kamera hizi hula betri kama nguruwe. Kwa hiyo ninunue na betri za kuchajiwa pamoja na chaja yake, niwe nachajisha pale penye jenereta, na zile za kioski ziwe akiba.

Kisha akanipunguzia ujinga wa namba. Nilikuwa nimesikia kwamba yenye namba kubwa ndiyo bora. Alicheka. Alisema kwa picha za ukubwa wa kadi ya posta, ambazo ndizo watu wetu hununua, nukta milioni tatu zinatosha kabisa, na wenye maduka watataka kuniuzia namba nisizozihitaji. Hata kukuza kitu cha mbali, alisema, kuna kamera zinazokuza kwa kioo na zinazokuza kwa uongo, nami niulize ipi ni ipi. Tena iwe na kidirisha cha kuchungulia kwa jicho, kwa kuwa jua la saa sita linakifuta kile kioo cha nyuma, huoni kitu. Na juu ya yote, picha zikae kwenye kadi ya kuchomoa. Kadi unaichomoa, unaituma mjini na mtu unayemwamini, na kamera inabaki kwako ikifanya kazi.

Mtu unayemwamini. Yule muuguzi alisema hivyo kwa nia njema kabisa.

Niliuza mbuzi, nikauza maharage ya msimu, mama akanipa sehemu ya kahawa yake. Ilitosha kamera ya kadiri, na juu yake kikabaki kidogo. Hicho kidogo kilininyima usingizi: ninunue stendi, au mkoba wake, au chaja na kadi kubwa? Nikaamua stendi ni kreti ya soda, kila kioski ipo. Mkoba mama angeshona kwa kitenge na kipande cha godoro. Chaja na kadi haviwezi kushonwa. Nilijiona nimekuwa mtu mwenye akili sana.

Kwa nini sikwenda kununua mwenyewe? Miaka ile mabasi ya Kahama na ya Biharamulo yalitembea na askari, na bado yalitekwa. Watu walirudi wakiwa wamevuliwa mpaka viatu, na wengine hawakurudi. Mama alisema binti yake hatapita kwenye msitu ule na pesa kifuani. Baba mdogo alikuwa akienda kila mara, amezoea, ana maduka anayoyajua. Nani mwingine ningemtuma?

Nilimkalisha chini ya paa la jiko nikamfundisha. Sasa ilikuwa zamu yangu. Nikamwambia ashike mambo matatu, akikosa mengine asikose hayo: kidirisha cha kuchungulia, betri za saa ya ukutani, kadi ya kuchomoa. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, akarudia, akacheka. "Mwanangu," alisema, "rozari nimeishika, na haya nitayashika." Alikuwa ameyajua yote matatu. Ndiyo maana siwezi kusema alikosea.

Na hapa nimtaje bibi wa vikapu, kwa sababu yeye naye alidanganywa kama mimi, ingawa mwenyewe hakulijua hilo. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, akisuka vikapu na kuviuza kando ya ndizi za mama. Kirundi chake na Kihangaza chetu ni ndugu, kwa hiyo walipiga soga kutwa, na mimi walinitania wote wawili. Alikuwa na ulimi. Alisema mtu mwenye mabega kama yangu ataolewa na mwenye trekta. Alipokimbia alivuka mto na kitu kimoja cha thamani, picha ya marehemu mumewe, ameifunga kwenye nguo. Alipofungua ng'ambo ya huku ilikuwa karatasi nyeupe. Sura ya mumewe aliibakiza kichwani, na kichwa, alisema, kinazeeka.

Sasa habari za wakimbizi kurudi Burundi zilikuwa zimeanza kuwa kweli. Watoto wake watatu walikuwa wanagawanyika: mwana mkubwa kwao kwa zamani, mdogo upande wa ukweni kwake, mbali kabisa, na binti alikuwa ameolewa Murusagamba, habanduki. Bibi mwenyewe angefuatana na mdogo.

"Ukipata hiyo kamera yako," aliniambia, "unipige na wanangu wote watatu, kabla rori hazijatugawa. Siombi kingine."

Nikamwahidi. Nilitaka iwe kazi yangu ya kwanza, na nilitaka nimfanyie bure.

Baba mdogo alirudi jioni moja, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba, mwanangu. Pole na kusubiri." Mkononi alikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki, kimefungwa kamba vizuri sana. Nikapiga goti, nikanyoosha mikono miwili, nikapokea. Kilikuwa chepesi. Nakumbuka mikono yangu iliuona wepesi ule kabla yangu. Nikasema asante, nikasema Mungu akuzidishie, nikakipeleka kwenye kitanda cha mama, nikarudi na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mrija.

Alikunywa taratibu. Alitueleza jinsi alivyozunguka maduka mpaka miguu ikawaka. Akasema kwamba kadi na chaja hakuchukua, kwa maana hii haihitaji: ni toleo jipya zaidi ya lile la muuguzi wangu, picha zinakaa humo humo tumboni. Pesa iliyobaki? Nauli imepanda, askari njiani wanataka chai. Nilitaka kusema kitu. Mama alinitazama. Nikamwongezea rubisi.

Nilifungua alipokwisha kuondoka. Ilikuwa kitu cha plastiki cha rangi ya fedha, kidogo, kizuri kama cha harusi ya wanasesere. Kidirisha kilikuwapo, nikafurahi. Betri zilikuwa za kawaida, nikafurahi tena. Lakini nyuma hakikuwa na kioo cha kuonyesha picha, ila kijinafasi cha kuonyesha namba ya picha zilizobaki tu. Na kadi, hata mlango wake haukuwapo. Nilikigeuza na kukigeuza. Moyo ulikuwa unaniambia, nami nikauambia unyamaze. Huyu ni mtu aliyenilisha. Ametembea maduka yote. Wewe uliyejifunza kwa ndizi unajua nini?

Nikampiga mama picha pale mlangoni. Kikalia tiii, namba ikapungua moja. Basi, nikasema, kinafanya kazi.

Jumapili baada ya misa nilimsimulia baba mdogo, kwa furaha zote, juu ya bibi wa vikapu. Nilimwambia watakusanyika wote siku gani, mahali gani, na kwamba mwana mkubwa anaondoka na msafara wa kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama binti wa Murusagamba naye atakuja. Nikasema atakuja. Akasema, "Kazi nzuri, mwanangu." Namwona mpaka leo anavyolisema neno lile, kofia mkononi, nje ya kanisa.

Siku ilipofika walikuja kweli. Binti alitembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni kwenye barabara ile mbaya ya Murusagamba. Wana walivaa mashati ya kuazima. Bibi alijifunga vitenge vyote alivyo navyo, akakaa katikati kwenye kiti cha kukopa. Nikawapanga kama nilivyofundishwa. Tiii, tiii, tiii. Bibi akataka kujiona.

"Yule mzungu akikupiga unajiona," alisema. "Nionyeshe na mimi."

"Hii haionyeshi, bibi," nilimwambia. "Hii inaweka."

Akaridhika. Mungu anisaidie, nilisema vile kwa maringo.

Mjini Ngara kulikuwa na mama mmoja mchapaji, mwenye kompyuta ya jenereta, aliyechapa barua za watu. Nilisikia anaweza kutoa picha kwenye kamera akaziweka kwenye diski, na diski ikaenda Mwanza. Nikadandia lori la mahindi nikaenda. Njiani nilitazama ile namba nyuma ya kamera, haikuwapo. Nikadhani ni vumbi. Mama mchapaji aliunganisha waya, akasubiri, akabonyeza, akasubiri. Kisha akauliza betri ziliisha lini.

"Njiani humu," nilisema. "Nina nyingine."

"Weka, lakini hazitasaidia," alisema. Akaichukua kamera mkononi, akaigeuza kwa upole, maana alikuwa ameshaniona uso. "Mwanangu, hii picha zake hushikwa na betri. Betri zikifa, na picha zimekufa. Hakuna mahali pengine zinapokaa. Mimi nilimnunulia kitindamimba wangu ya namna hii, Krismasi. Ni ya watoto kuchezea."

Hakunitoza kitu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za duka lake.

Na unajua nilimhurumia nani pale kwenye ngazi? Baba mdogo. Niliwaza: masikini, wenye maduka wa Mwanza wamemwona mtu wa kijijini, wamemchezea. Atajisikiaje nikimwambia? Njia nzima ya kurudi, juu ya magunia, nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia bila kumvunjia heshima. Nilikuwa nimeshapata hata ya kuanzia. Lakini kwanza nishuke kambini nimwambie bibi, kwani mwana mkubwa alikuwa anaondoka kesho yake, na kama kuna namna yoyote, hata kwa filamu ya zamani, ilikuwa leo.

Bibi alinipokea mlangoni kwa uso mkunjufu, akanisalimu na kuniita mwanawe kwa Kirundi. "Amahoro, mwananje. Usilie, usilie. Tunajua. Baba yako mdogo alitwambia jana kwamba picha zako zimekufa."

Jana.

Mimi nimelijua leo. Mama mchapaji amelijua leo. Jana kamera ilikuwa mfukoni mwangu, betri nzima, picha zote ndani, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na njia ya kujua kwamba zitakufa, ila yule aliyenunua kitu kile akijua ni kitu gani. Sijawahi kupigwa kofi na mtu mzima tangu niwe mkubwa, lakini nadhani ndivyo kunavyokuwa.

Nyuma ya hema walikuwa wamekaa tena wote, mashati yale yale ya kuazima. Mbele yao alikuwa baba mdogo. Mkononi alikuwa na kamera nyeusi, nene, yenye kioo kinachotoka mbele. Ilikuwa na kidirisha cha kuchungulia. Mlango wa kadi ulikuwa pembeni, na kwenye mkoba wake wazi niliona chaja, na betri nne za saa ya ukutani zimelala ndani yake. Kila kitu nilichokichagua kilikuwapo. Alikuwa amenisikiliza vizuri sana.

Aliniona. Hakushtuka hata kidogo. Alinirushia kanga.

"Shika hapo, mwanangu. Jua linawachoma."

Nataka nieleze kwa nini niliishika, maana hata mimi nimejiuliza. Kama ningepiga kelele zilizokuwa kooni, mambo yangevurugika, jua lingetua, na kesho asubuhi mwana mkubwa angepanda gari. Bibi angekosa picha mara ya pili, na safari hii kwa sababu yangu kweli. Kwa hiyo niliinua mikono nikaishika kanga. Aliwapiga vizuri. Akaigeuza kamera akawaonyesha, na bibi akatazama kioo kile, akaweka kidole juu ya sura ya mwanawe mkubwa, asitake kukiondoa. Kisha akamshika baba mdogo mkono kwa mikono yake miwili na kumwita mtu wa Mungu.

Tulirudi pamoja, yeye anasukuma baiskeli, mimi pembeni. Nilingoja tuwapite watu.

"Kamera ile ni yangu," nilisema.

"Yako unayo mfukoni."

"Mbuzi wangu wamo humo. Kahawa ya mama imo humo."

"Na yangu niliongeza." Hakupandisha sauti. "Nilikuletea kitu, ukapokea kwa mikono miwili. Ulipiga goti. Ulinishukuru, ukanipa rubisi nikanywa, na mama yako ni shahidi. Aliyekosewa humnywesha aliyemkosea?"

"Sikuwa nimefungua!"

"Nani alikukataza?"

Watu wazima wote ninaowajua walinikataza, tangu sijaota meno, naye akiwa miongoni mwao. Aliendelea kusukuma baiskeli. Akasema Mbuba haina harusi za kulisha wapiga picha wawili, na yeye amezeeka mno kuanza kushika jembe. Akasema alikuwa amepanga kuitumia huko Nyantakara tu, wilaya ya Biharamulo, mimi nisikofika, ili isije ikaniumiza macho. Alishapiga harusi mbili huko. Lakini nilipomweleza habari za bibi aliona huruma, picha za mama wa watu zisipotee. Alisema huruma. Nililisikia neno lile kwa masikio yangu, na sikumpiga.

Nilimkimbilia mama. Yeye nilikuwa na hakika naye. Nikamweleza yote, machozi na kamasi, mpaka mwisho. Alikuwa anamenya ndizi, na kisu hakikusimama.

"Ulifungua mbele yake?" aliniuliza.

"Hapana, mama, ningefunguaje?"

"Basi umepokea."

"Mama, ameniibia!"

Hapo kisu kikasimama. "Baba yako alipokufa, shamba hili tulibaki ndani yake kwa neno la nani? Akibadili neno lake kesho, wewe na kamera yako mtanipeleka wapi? Hili jambo liishie hapa jikoni. Na kambini usilipeleke. Hatuuzi ukoo wetu kwa wageni."

Nilimwelewa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba nilimwelewa. Lakini kumwelewa mtu hakuzuii kuona kwamba amekuacha. Tangu siku ile nilijua nikianguka mama atatazama kwanza nimeangukia shamba la nani.

Picha zilirudi kutoka Mwanza kabla ya msafara wa bibi. Mama alinilazimisha twende kumuaga. Asubuhi ile pale kituo cha magari palikuwa na vyungu, magodoro, mbuzi, watoto wamefungwa majina shingoni, na watu wakiitana kwa sauti. Bibi alikuwa kwenye mstari, binti wa Murusagamba amemshika kiuno kama anayetaka kumzuia. Aliponiona aliniita. Akatoa picha kifuani, imefungwa nailoni mbili na kushonewa pembeni ili maji yasipite.

Katika picha walikuwa wametokea wote. Mwana mkubwa alikuwa akitazama mbele bila kufumba macho. Pembeni kabisa kulikuwa na ncha ya kanga na vidole vinne vya mkono wangu.

Nilisema ni nzuri. Ilikuwa nzuri, na singeweza kusema vingine.

Bibi akaikunja nailoni, akairudisha kifuani, akanivuta karibu ili wengine wasisikie, kama mtu anayetaka kukuonya bila kukuaibisha.

"Mwananje," alisema, "katika umri wako nami nilifanya ujinga. Siku nyingine usiwadanganye watu kwa kitu cha kuchezea. Ningeondoka na mikono mitupu. Una bahati una baba kama yule. Alikuja mwenyewe, kwa baiskeli, kufuta aibu yako, wala hakukusema vibaya hata neno moja. Msikilize. Usishindane naye."

Nilifungua mdomo. Mama alikuwa nyuma yangu, nilisikia pumzi yake. Mbele yangu walikuwa wanaita namba ya gari la bibi.

"Ndiyo, bibi," nilisema.

Alinipapasa shavu, akashikwa mkono na mwanawe, akapanda lori akiwa amenisamehe.